Kerneli Iliyojengwa Ngamiani

Laptopu yetu ilikataliwa kabla haijafa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na toleo la 11 linadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni. Yetu haina chipu hiyo, na prosesa yake ni ya enzi zilizopita. Betri nayo ilikwisha siku nyingi, kwa hiyo inaishi kwa waya wa chaja. Fundi mmoja wa mjini alitushauri tuiuze kwa bei ya vipuri.

Mimi ni fundi cherehani, hapa Ngamiani, Tanga. Ndani ya laptopu hiyo mna vipimo vya wateja wangu wote: mabega, vifua, viuno, urefu wa mikono, nani amelipa nusu na nani bado. Mwanangu wa kwanza, aliyekuwa amerudi likizo kutoka chuoni, akasema haiuzwi. Ataiwekea mfumo wa Linux, na ataiweka kwa mkono, hatua kwa hatua, mpaka kerneli yenyewe aikompaili hapa hapa sebuleni.

Kwa asiyejua: kerneli ni kiini cha mfumo, ile sehemu inayozungumza na vyuma vyenyewe, yaani prosesa, diski, kioo na kibodi, na kuzigawia zamu programu zote zinazokaa juu yake. Imeandikwa kwa sehemu kubwa katika lugha ya C, maandishi ambayo mtu aliyesomea anaweza kuyasoma lakini prosesa haiwezi. Kukompaili ni kuyageuza maandishi hayo kuwa amri ambazo prosesa inazielewa.

Angeweza kupita njia fupi. Zipo Linux zinazojiweka zenyewe, kama Ubuntu iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Unajibu maswali machache, unakunywa chai, kazi imekwisha. Yeye alichagua Gentoo, iliyopewa jina la pengwini aogeleaye kwa kasi kuliko wenzake wote, na ambayo kwa desturi yake humwachia mwenye mashine aamue karibu kila kitu. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwamba chuoni kerneli wanachorewa ubaoni kwa visanduku na mishale, naye anataka kuiona ikiwaka. Nikaona ni jibu la mtu anayetaka kujua kazi yake. Nikamruhusu, ingawa ulikuwa mwezi wa Shaaban, harusi zimeongozana kabla ya Ramadhani, joto la kaskazi limetukalia, na meza moja ya sebuleni ndiyo ya cherehani, ya pasi na ya laptopu.

Kisa cha kwanza kilikuwa cha diski. Kabla ya kugusa chochote alinakili mafaili yetu yote kwenye diski ya nje, ile yenye picha za harusi yangu na za mazishi ya babu yao. Hapo alifanya vizuri. Ila aliiacha imechomekwa. Sasa Linux huzipa diski majina, sda, sdb, sdc, na majina hayo hufuata mpangilio ambao mashine imezigundua wakati inawaka. Leo diski ya ndani inaweza kuwa sda, kesho ikawa sdb. Usiku ule, laptopu ilipowashwa kwa flashi yenye Linux, diski ya nje ndiyo iliyotangulia. Mwanangu akafungua programu ya fdisk juu ya sda, akafuta sehemu zilizokuwapo, akachora mpya. Programu hiyo haiandiki kitu kwenye diski mpaka uibonyezee herufi w. Akabonyeza w.

Nilikuwa napiga pasi pembeni yake. Skrini ilionyesha orodha ya diski na ukubwa wake, nami nikaona tarakimu 931 palipokuwa na mstari alioushughulikia, na 465 mstari wa chini.

"Mwanangu, laptopu yetu si ya gigabaiti 500? Hii 931 ni ya nani?"

Alikuwa ameshaandika amri inayofuata, ya kuziumba upya sehemu zile, kidole kiko juu ya kitufe. Hakukibonyeza. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Mama, nimeandika kwenye diski ya picha."

Mama mkwe wangu, ambaye chumba chake kimepakana na sebule, alitoka kuuliza nani amefariki.

Kilichotuokoa ni kwamba amri ile ya pili haikutolewa. Jedwali la sehemu za diski ni orodha fupi tu, inayosema sehemu hii inaanzia hapa na inaishia pale. Ukiifuta orodha, vilivyomo havijaguswa, ila mashine haijui tena pa kuvitafuta. Iko programu ya bure iitwayo TestDisk, iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier, ambayo huipitia diski tangu mwanzo ikitafuta dalili za sehemu za zamani, kisha huiandika orodha upya. Ilifanya kazi usiku kucha. Alfajiri, baada ya swala, mwanangu alinigongea mlango na kunionyesha babu yake kwenye skrini, amekaa kwenye kiti chake cha mkeka.

Siku chache baadaye alinisimulia habari ya Linus Torvalds mwenyewe, aliyeianzisha Linux. Mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, akiishi nyumbani kwa mama yake, na tarehe 25 Agosti mwaka huo alitangaza kwamba anaandika mfumo wa kompyuta. Baadaye, akitaka kupiga simu ya modemu ili aunganishe na kompyuta za chuo, aliielekeza amri kwenye diski badala ya modemu na kuiharibu sehemu yenye Minix, mfumo aliokuwa akiutegemea. Hakuirudisha Minix. Akahamia moja kwa moja kwenye Linux yake. Nilimsikiliza nikimfikiria yule mama wa Helsinki, na simu ya nyumba iliyokuwa ikishikiliwa na modemu ya mwanawe.

Diski ya nje ilichomolewa na kufungiwa kabatini kwangu. Ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Akaigawa diski ya laptopu, akafungua juu yake furushi la mafaili ya mwanzo ya Gentoo, akaandika amri ya chroot, inayomhamishia mtu ndani ya mfumo mpya hali mashine bado inaendeshwa na ule wa flashi. Hayo yalikwenda haraka kuliko bando. Kila kitu kilikuwa kinashuka kupitia simu yangu, iliyounganishwa kwa waya, na wateja walionipigia kuuliza magauni yao walinikuta nimeinama mezani kwa sababu simu haikutakiwa kuchomolewa.

Sehemu niliyoipenda ni ya kuchagua. Ukiandika make menuconfig, unafunguliwa orodha yenye maelfu ya vipengele, na kila kimoja unaamua: nyota maana yake kiwe ndani ya kerneli moja kwa moja, M maana yake kiwe moduli, faili la pembeni linaloitwa likihitajika, nafasi tupu maana yake kiachwe. Kerneli ya kwanza ya mwaka 1991, toleo la 0.01, ilikuwa na mistari kama 10,000. Ya leo imezidi milioni 30, na sehemu kubwa ni draiva, programu ndogo ndogo zinazojua namna ya kusema na kifaa fulani. Humo mna hata draiva za kadi za runinga ambazo hazitengenezwi tena. Mgeni akitazama orodha ile anaweza kuifunga na kwenda kulala.

Mwanangu alichukua kaunta buku. Flashi aliyowashia laptopu ilikuwa na kerneli inayojua karibu kila kifaa, kwa hiyo aliiuliza kwa amri ya lspci -k: hapa ndani mna nini, na kila kimoja kinaendeshwa na draiva gani? Majibu tuliyaandika kwa mkono, mimi nikisoma, yeye akiandika na kunifafanulia kwa Kiswahili. Hiki ni kidhibiti cha diski, draiva yake ahci. Hii ni sauti. Hii ni Wi-Fi ya Intel, inahitaji pia faili la mtengenezaji wake. Ext4 si kifaa, ni utaratibu wa kupanga mafaili kwenye diski, na kerneli lazima iujue. Nimeimiliki laptopu ile miaka mingi. Usiku ule ndipo nilipojua kilichomo ndani yake.

Akawasha kukompaili jioni moja baada ya magharibi. Skrini ikaanza kutiririka majina ya mafaili, CC, CC, CC, mstari juu ya mstari, na feni ya laptopu ikalia kwa sauti niliyokuwa sijaisikia. Sehemu ya chini ikawa haishikiki. Tukaiinua juu ya vipande viwili vya matofali ili ipate hewa, na haikutosha. Mwanangu akaingia chumbani kwa bibi yake.

"Bibi, shikamoo. Naomba feni."

"Marahaba. Unaipeleka wapi?"

"Kwa laptopu, bibi. Ina joto."

"Na mimi?"

Feni ilitoka kwa sharti kwamba bibi naye atatoka nayo. Akahamishia mkeka wake sebuleni, akakaa mahali upepo unapowafikia wote wawili, yeye na laptopu, akawa anatazama maandishi yakipita.

Saa nne usiku umeme ukakatika. Haikuwa mtaa mzima; ilikuwa sisi tu. Uniti zimekwisha. Nilinunua umeme wa luku kwa simu, nikaenda kwenye mita na tochi, nikabonyeza tarakimu 20, taa zikarudi. Laptopu haina betri. Ilikuwa imezimika palepale ilipokuwa.

Mume wangu aliporudi kutoka zamu ya bandarini na kusikia, aliisema laptopu: masaa yote hayo inakula umeme wa nyumba. Mwanangu hakubishana kwa maneno. Aligeuza chaja na kumsomea baba yake: wati 65. Akageuza pasi: wati 1,000. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Laptopu ikifanya kazi kwa nguvu zake zote saa kumi haimalizi hata uniti moja, ila thuluthi mbili yake hivi. Pasi huimaliza kwa saa moja ya moto mfululizo. Na mimi nilikuwa napiga pasi magauni ya wapambe tangu alasiri. Baba yao alisoma maandishi ya pasi mara mbili, akakubali. Tangu siku hiyo nyumba yetu inasoma wati za kila kifaa kabla ya kumlaumu mtu.

Hasara ilibaki. Kwa kawaida make, programu inayosimamia kukompaili, hutazama mafaili ambayo tayari yamekompailiwa na kuendelea pale ilipoishia, lakini umeme ukikatika ghafla baadhi ya mafaili hubaki matupu, yana jina bila kitu ndani. Kazi ilipofika mwisho, vipande vilipokusanywa pamoja, vile vitupu vikaiangusha. Ikabidi afute vyote kwa make clean na kuanza upya. Nilimwona ameshika kichwa. Kuanza upya kazi ya masaa, na kosa si lako, kunauma kuliko kosa lenyewe. Safari ya pili tulijaza uniti kwanza, na pasi ikapumzika.

Kerneli ikaisha. Akaisakinisha, akaweka GRUB, programu inayoiita kerneli mashine inapowaka, akachomoa flashi, akawasha. Tulikuwa sote sebuleni. Maandishi yakakimbia, kisha yakasimama ghafla, na mstari wa mwisho ukasema kerneli imepatwa na hofu kuu, imeshindwa kuifungua diski ya mzizi, kwenye kifaa kisichojulikana namba (0,0).

Wanaojua wanasema hakuna anayeanza ambaye hakutani na mstari huo, nami naamini. Kwake ulikuwa kama mlango uliofungwa usoni. Alirudi kwenye flashi, akakagua GRUB, akakagua fstab, faili linaloorodhesha diski, akakagua jina la diski. Vyote sahihi. Usiku ukawa mrefu. Mama mkwe, aliyekuwa bado juu ya mkeka wake, akataka aelezwe tatizo.

"Bibi, kerneli inawaka vizuri. Ila haiwezi kufungua diski."

"Kwa nini?"

"Haina draiva ya diski."

"Si niliwaona mnaichagua, mkaiandika kwenye daftari?"

"Tuliichagua, bibi. Nimeiweka kama moduli. Ipo."

"Ipo wapi?"

"Ipo kwenye…" Mwanangu akanyamaza. "Ipo kwenye diski."

"Yaani ufunguo wa sanduku," mama mkwe akasema, "umefungiwa ndani ya sanduku."

Ndivyo hasa ilivyokuwa. Draiva ya ahci na ile ya ext4 zote mbili zilikuwa zimewekewa M. Kerneli inapowaka inazihitaji ili iifungue diski, na zenyewe zimelala kama mafaili ndani ya diski hiyo hiyo. Mifumo inayojiweka yenyewe hulitatua jambo hili kwa initramfs, furushi dogo la mafaili linalopakiwa kwenye kumbukumbu pamoja na kerneli, likiwa na draiva za kuanzia. Mwanangu hakuwa ameliandaa, na kwa mashine moja inayojulikana vyuma vyake halilazimiki. Alibadilisha M mbili kuwa nyota. Make ikakompaili vilivyobadilika tu, na safari hii haikuchukua muda wa kumchosha mtu. Laptopu ikawaka, ikapita pale ilipokwama, ikauliza jina na neno la siri.

Kitu cha kwanza alichoandika ni date. Alikuwa ameweka saa za Dar es Salaam, na lugha ya mfumo sw_TZ, kwani maktaba kuu ya mfumo, glibc, ina mpangilio wa Kiswahili cha Tanzania na wa kile cha Kenya. Skrini ikaandika siku na mwezi kwa Kiswahili, Jumamosi, Februari. Mama mkwe aliyasoma mwenyewe, kwa sauti.

Hapakuwa na intaneti. Simu ilichomekwa, laptopu haikuiona, kwa sababu simu nyingi za Android huigawa intaneti kwa waya kwa utaratibu uitwao RNDIS, na draiva yake tuliiruka kwenye orodha. Hapo nilimwona amebadilika. Hakurudi kwenye flashi, wala hakushika kichwa. Alifungua menuconfig, akaitafuta kwa jina, akaiwekea M, akakompaili moduli ile, akaiita, na simu ikaonekana hali kerneli ikiendelea kufanya kazi bila hata kuzimwa. Muda wa kuchemsha chai.

Kivinjari hakukikompaili, na alifanya vyema. Kukijenga kwenye laptopu ya RAM ya gigabaiti 4 kungetumalizia likizo, na tangu Desemba 2023 Gentoo yenyewe inatoa programu nyingi zikiwa zimeshakompailiwa. Kujifunza kuna mahali pa kutokea jasho na mahali pa kupokea kilichokwisha tayari. Kerneli ilimfaa kwa la kwanza. Vipimo vyangu vimerudi, sasa viko kwenye LibreOffice. Magauni yote yalitoka kabla ya mwezi kuandama. Feni imerudi kwa mwenyewe.

Kaunta buku ile nimeiomba niihifadhi. Imejaa maandishi ya mwanangu kwa Kiswahili: diski ipi ni ipi na namna ya kuhakikisha kwa ukubwa wake, kwa nini draiva ya diski iwe nyota, draiva ya simu iko ukurasa gani wa orodha. Mwongozo alioufuata ulikuwa wa Kiingereza, na ni mwongozo mzuri. Lakini nimeshuhudia kwa macho yangu kwamba tatizo lililomlaza macho lilifunguka alipolazimika kumweleza bibi yake kwa lugha ya nyumbani. Kazi hii si ngeni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Waliofanya hivyo walituachia njia, na njia isiyopitwa huota majani.

Kwa hiyo nina maombi. Mwenye laptopu iliyokataliwa, usiiuze kwa vipuri kabla hujamuuliza kijana wa nyumbani kwako kama anaihitaji. Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, ichomoe, ifungie, ndipo umkabidhi. Nawe kijana uliyewahi kuijenga kerneli yako mwenyewe, iwe Tanga, Mombasa, Bukavu au Maskati, andika hatua ulizopita kwa Kiswahili, na usiache kuandika mahali ulipokwama na ulivyojikwamua. Mwanangu ameanza kuinakili kaunta buku yake.